Vidonda vya Kopo Moja

Jumanne, 6 Agosti

— na limao ndilo lililonimaliza. Asubuhi nilikuwa nimeshapaka chumvi, nikavumilia, nikajiona mwanaume. Kisha Redio akaja na kipande cha limao, eti bibi yake alikuwa anatibu hivyo, kandamiza pembe zote mbili usiogope. Nikakandamiza. Nilipiga yowe, nikaruka nikagonga rafu ya gundi. Hata cherehani ilisimama. Redio akasema, haya, leo tumeisikia sauti yake.

Redio ndiye mkata sponji. Anaitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Mimi wananiita Kimya, na sababu yake haina haja ya kuandikwa.

Vidonda vyenyewe ni viwili. Kimoja kila pembe ya mdomo, pale midomo inapokutana. Vilianza kama ukavu tu, nikawa nalamba, nalamba. Sasa ngozi imechanika, nyekundu, pembeni ina utando mweupe, ukikauka unakuwa gamba. Nikipiga miayo, damu. Nikifungua mdomo kwa kijiko, damu. Nakula kwa kupenyeza, kama mtu anayepitisha barua chini ya mlango.

Na kazi yetu ni ya mdomo. Fundi wa makochi anajaza vimisumari mdomoni, anavigeuza kwa ulimi, anatoa kimoja kimoja kichwa mbele, nyundo ya sumaku inakidaka — ta — kimeingia kwenye mbao. Mkono mwingine umevuta kitambaa, hauna nafasi ya kushika msumari. Vikibaki unavitema kwenye kopo. Kopo ni moja, la wote. Leo kila kimisumari kilichopita pembeni nilikihisi kama kimetoka motoni.

Lakini nazunguka tu. Nilichotaka kuandika ni hiki. Zipu alikuja leo na mtandio ameuvuta mpaka puani. Zipu ni mshonaji wetu, anashona vifuniko vya mito, mtoto wa dada yake Mjomba mwenye karakana. Kutwa hakuushusha. Saa ya kunywa maji akageukia ukutani, akaushusha. Mimi nilikuwa chini ya meza naokota vipande. Nikaona.

Pembe zote mbili. Kama vyangu kabisa.

Redio naye akaona.


Jumatano, 7 Agosti

Imekuwa habari. Redio alianza hata kabla hajavua shati la nyumbani. Ugonjwa mmoja, mahali pamoja, wiki moja! Mimi sikusoma sana, anasema, lakini hesabu hiyo nalijua jibu lake. Mzee wa vanishi, mpaka rangi wa mbao zetu, akamwambia waache watoto. Akasema nawaacha, Mzee, ila wao ndio hawakuachana.

Walicheka mpaka vumbi la sponji likawapalia.

Redio akamgeukia Zipu. Dada Zipu, hivyo vidonda umevipata wapi? Zipu hakuinua kichwa. Akasema, "Kata sponji." Akakanyaga cherehani.

Akaja kwangu. Na wewe, Kimya? Mimi mdomoni nilikuwa na vimisumari kumi na kitu. Nikatikisa kichwa. Wao wakaona nimekubali. Sijui nilikitikisa vipi.

Yaani mimi. Mimi nambusu Zipu. Tangu nianze kazi hapa maneno niliyomwambia nayajua yote: "Mkasi." "Samahani." "Pole." Na siku moja, "Mvua itanyesha," haikunyesha, nikaona aibu wiki nzima. Eti huyo ndiye ambaye watu wanasema amembusu Zipu. Ningetakiwa kukasirika. Nimejaribu. Njiani nimemsalimia muuza mkaa mara mbili, mara ya pili akaniuliza kama niko sawa.

Nimejitazama kwenye kioo cha Mama. Nimecheka, pande zote zimechanika. Damu mpaka kidevuni. Nimecheka tena.


Alhamisi, 8 Agosti

Mjomba ameniita stoo. Sote tunamwita Mjomba kwa sababu Zipu anamwita hivyo. Amesimama katikati ya sponji, amefunga mlango kwa mgongo wake, anavuta sharubu. Akifikiri huwa anazivuta, leo nilidhani atazing'oa.

Akasema yule binti nimemlea mimi. Mama yake kabla hajaondoka alinishika mkono, hakusema kitu, akanishika tu. Unaelewa?

Nikasema, "Ndiyo, Mjomba."

"Leo usiniite Mjomba," akasema. "Niite Fundi. Mjomba tutaona baadaye kama utakuwa na haki nayo."

Akaendelea. Kama unacheza, kusanya nyundo yako uende, sitakupigia kelele, kazi yako nzuri. Kama huchezi, Jumapili saa kumi uje nyumbani na mzazi wako. Chagua. Mimi sitaki binti yangu awe hadithi ya wakata sponji.

Hapo ndipo ilitakiwa niseme Mjomba, samahani, Fundi, sijamgusa, hata kivuli chake nakikwepa nisikikanyage. Nilisema nini? Nilisema, "Saa kumi."

Akatoka. Mimi nikabaki nimekumbatia sponji la inchi nne.

Mama nimemwambia nusu. Nusu ya kwamba nimeitwa Jumapili. Akaniangalia mdomo muda mrefu. Akasema huko kwa watu huendi na mdomo kama kiatu kilichofumuka, kesho zahanati. Kisha akaanza kutafuta gauni.


Ijumaa, 9 Agosti

Nimeanzia kazini kuomba ruhusa. Cherehani ya Zipu imefunikwa shuka.

Redio mwenyewe leo alikuwa anaongea kwa sauti ya chini. Mke wa Mjomba amemzuia Zipu asitoke nyumbani mpaka aseme kuna nini. Jana jioni amekaa naye chumbani, anamuuliza, Zipu hajibu ndiyo wala siyo. Redio akasema mimi nilikuwa natania tu, Kimya, si unajua. Hakuwa anacheka. Nilitamani kumwambia kitu. Nikaenda zahanati.

Foleni ndefu. Nesi ni mama mnene mwenye miwani kwenye kamba, anaita watu "mwanangu" hata wazee. Akaniambia fungua. Nikafungua kidogo. Fungua, mwanangu, sikuibii meno. Akatazama kwa tochi, akavuta kope ya chini aone kama damu imepungua, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akaweka tochi mezani.

"Unaweka misumari mdomoni?"

"Ndiyo."

"Kisha unaitema wapi?"

"Kwenye kopo."

"Na kesho?"

"Naichukua kwenye kopo."

"Wewe peke yako?"

Nikasema karakana nzima. Akavua miwani akaifuta, nadhani alikuwa anajizuia.

Akaeleza. Mate yakikaa kwenye pembe za mdomo ngozi inalainika kama kidole kilicholowa, inapasuka. Ikishapasuka, fangasi na bakteria wanahamia. Misumari inakwaruza, inaleta kutu na uchafu wa kila mtu. Mimi nikisikia ukavu nalamba, nikilamba nawamwagilia wageni. Wengine wanapata kwa kukosa mboga na mayai, kwa upungufu wa damu, wazee kwa meno ya bandia yasiyokaa sawa. Wangu ni msumari na ulimi.

Basi. Nikapata akili ya kuuliza. Sijui niliipata wapi.

"Nesi, haviwezi kutoka kwa mtu? Kwa — kwa mdomo wa mtu?"

"Kubusu?"

Nikatazama kalenda ukutani.

Akasema vipo vya hivyo, mwanangu, lakini vile ni vipele vidogo vya maji, vinakaa kundi moja juu ya mdomo, vinawasha kwanza kabla havijatokea, na homa au jua kali huvirudisha. Vile vinapita kwa kubusu, kwa kikombe, kwa taulo. Hivi vyako ni mipasuko. Hujaambukizwa na msichana yeyote, lala usingizi.

"Una uhakika?"

Akaniangalia. "Mbona kama ulitaka nikwambie umeambukizwa?"

Wenye foleni mlangoni walicheka. Mimi nilitaka kuingia ndani ya lile kabati la dawa.

Nimepewa krimu ya fangasi, nipake asubuhi na jioni. Nioshe kwa maji safi, nikaushe vizuri, nipake na vaselini mate yasikae. Nisilambe. Chumvi hapana, limao hapana kabisa. Nile maharage, mayai, mboga za majani. Vikitoa usaha, au wiki mbili zikipita havijapona, nirudi. Na misumari mdomoni ndiyo mwisho.

Njiani nimekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Zipu naye hugonga vitambaa vya chini vya makochi siku kazi ikizidi. Anachota kwenye kopo lile lile. Kwa hiyo siri yote ni hiyo. Mate yetu yamekutana, ila kwenye kopo la rangi, pamoja na mate ya Redio.

Nikianza kucheka najizuia, krimu itatoka.

Lakini sasa najua. Nikisema sentensi moja tu, Zipu anatoka chumbani. Nikisema sentensi hiyo hiyo, Jumapili hakuna.


Jumamosi, 10 Agosti

Nimesema.

Sikupanga. Nilimwona Redio anachota vimisumari anavipeleka mdomoni, mkono wangu ukamdaka. Nikasema acha. Wote wakageuka. Nikaona nikinyamaza sasa sitarudi tena hapa, nikaendelea. Nimeongea maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuongea mbele ya watu waliosimama. Nesi, mate, ngozi iliyolowa, fangasi, kopo. Nikasema Dada Zipu hajafanya lolote na mimi sijafanya lolote, ni kopo. Sauti yangu ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu anayejifunza baiskeli.

Redio akasema ni maneno ya kujitetea hayo. Mbona mimi sina?

Mzee wa vanishi akasema wewe hata fangasi hapati nafasi, mdomo wako haufungwi.

Mjomba alikuwa mlangoni. Amesikia yote. Akaja akalichukua kopo, akalimwaga juu ya meza. Vimisumari vimelowa, vimeshikana, vingine vina kutu, na katikati kuna ganda la karanga. Sote tukalitazama lile ganda.

Kisha Mjomba akafanya kitu bila kujua. Akapeleka kidole chini ya sharubu, kwenye pembe ya mdomo, akajikuna.

Redio akaona. Ni Redio. Akasogea akainama akatazama chini ya zile sharubu, akanyooka taratibu kama mtu aliyeokota pesa.

"Mjomba," akasema, "na wewe ulimbusu nani?"

Nilidhani atampiga. Mjomba alifungua mdomo kumgombeza, kidonda kikachanika. Akashika sharubu, macho yamejaa machozi, na kilichomtoka kilikuwa kicheko. Basi tukaanguka. Mzee wa vanishi alikaa chini kwenye chupa za thina. Mimi nilicheka nimebana pembe zote mbili kwa vidole, nikicheka kwa kupitia puani.

Kopo limetupwa. Sheria mpya, kila mtu na bakuli lake, na atakayeonekana na msumari mdomoni anafagia wiki nzima.

Mjomba alinipiga begani wakati wa kuondoka. Akasema umefanya vizuri kumsafisha binti yangu. Basi ile ya kesho haina haja tena, pumzika na mama yako. Unaweza kuniita Mjomba.

Nikasema, "Asante, Mjomba."

Jina lenyewe halikuwa tamu.


Jumapili, 11 Agosti

Saa kumi ilipita. Mama gauni alikuwa ameshalinyoosha, amelitundika mlangoni, hakulitoa. Nimetoa sumaku kwenye spika mbovu, nimeishonea kipande cha mahameli na mpira wa kiuno. Unaivaa kwenye kifundo cha mkono, vimisumari vinakaa vyenyewe, hakuna mdomo. Nimetengeneza moja. Kipimo cha mkono mwembamba.

Vidonda vimeanza kukauka. Sijafurahi.


Jumatatu, 12 Agosti

Nianzie wapi.

Zipu amerudi. Hana mtandio usoni, pembe za mdomo zinang'aa krimu. Hakunitazama. Asubuhi yote nilikuwa nalenga msumari napiga kidole. Baada ya chakula Redio na Mzee wa vanishi walitoka kushusha mbao. Nikaenda nikaweka ile sumaku kwenye meza yake, nikageuka niondoke.

Akakanyaga cherehani. Haina kitambaa, inalia bure. Akasema, macho yakiwa kwenye sindano:

"Nani alikutuma?"

Nikasema nimeitengeneza mwenyewe.

"Siulizi hii. Nani alikutuma kusema Jumamosi?"

Nikasema nilikuwa namtetea. Nilisikia amefungiwa.

"Nilikuomba?"

Cherehani inalia tu.

Akasema unajua kukaa na mkaza mjomba wangu chumba kimoja siku mbili? Anauliza kwa upole. Anauliza kwa ukali. Anauliza huku analia. Anakuletea chai halafu anauliza. Mimi nimenyamaza Alhamisi, nimenyamaza Ijumaa. Neno moja tu, hapana, ningelisema ningekuwa nimetoka. Sikulisema. Nilijua Jumapili saa kumi unakuja. Nilikuwa nimeshachagua nguo. Halafu wewe, wewe Kimya, usiyesema kitu tangu umezaliwa, siku hiyo ndiyo unapata mdomo.

Nilikaa chini. Kulikuwa na springi. Nilikaa juu ya springi.

Akasimamisha cherehani. Akaivaa sumaku, akaigeuza geuza mkono, ilimkaa.

"Usicheke," akasema. "Utachanika."

Sikuwa najua kama nacheka.

Redio akarudi na mbao akauliza mbona nimekalia springi.


Jumanne, 13 Agosti

Leo nimemfuata Mjomba mwenyewe, bila kuitwa. Niliandika maneno kiganjani, jasho likayafuta.

Nikasema Mjomba, naomba kuja nyumbani kwako.

Akasema kuja kufanya nini?

Hapo ndipo palipotakiwa kuwa na maneno yote. Yeye ananitazama. Mimi natazama kochi lililo nyuma yake. Nikatazama sana.

Akasema, "Unaleta kochi?"

Nikasema, "Ndiyo."

Ee. Nimesema ndiyo.

Mjomba akazishika sharubu, taratibu, mkono umeziba mdomo wote. Sijui alikuwa analinda kidonda au nini. Akauliza ni la mtu mmoja au la watu wawili.

Nikasema la wawili.

"Alhamisi saa kumi," akasema. Akaondoka haraka, mabega yanatikisika.

Mimi sina kochi. Si la mmoja wala la wawili.


Jumatano, 14 Agosti

Hakuna muda. Fremu ni ya mbao za mabaki, Mzee wa vanishi amezipiga rangi moja zionekane ndugu. Redio amenikatia sponji bora akakataa kusema amelitoa wapi. Anasema anajisikia ana deni. Mahameli ni rangi tatu, hapakuwa na kipande kirefu. Zipu ameshona vifuniko mbele ya Mjomba, na Mjomba amepita mara tano akijifanya haoni. Redio akamuuliza Zipu ni kazi ya mteja gani. Akasema, "Kata sponji." Lakini alisema huku anatabasamu, polepole, kwa kipimo, asijichane.


Alhamisi, 15 Agosti

Niko nje ya nyumba yao, nimekaa kwenye kochi, barabarani. Mwenye mkokoteni ameshusha akaondoka.

Mama alivaa gauni. Njia nzima aliniuliza, mwanangu, hivi watu wanakwenda kuongea na wazazi wa binti wakiwa na kochi? Nikasema nitaeleza. Sijaeleza. Tulipofika mke wa Mjomba akafungua, akamwona Mama, akaliona kochi, akaniona mimi, akamshika Mama mkono akamwingiza ndani. Mimi akaniambia subiri hapo hapo mpaka uitwe. Ndiyo maana naandika. Mikono inataka kazi. Watoto wa jirani wameshakaa kando yangu wakaondoka, wamesema linadunda vizuri.

Dirisha liko wazi. Nasikia vikombe. Nasikia Mjomba anamuuliza mkewe, sauti ya juu makusudi nimsikie, mimi kochi sikuagiza, nani kaagiza kochi humu ndani? Mke wake anasema mimi sikuagiza. Mama amesema jambo, sijalisikia. Wamecheka watu wazima wote pamoja, halafu wakashusha sauti. Sasa wanaongea chini kabisa. Hii ndiyo sehemu yenyewe. Laiti ningekuwa na sikio la mbwa.

Mjomba amesema, tumuulize mwenyewe.

Hatua zinakuja. Si za mtu mzito.

Ni yeye. Amesimama mlangoni, amevaa ile nguo, nadhani ndiyo ile aliyokuwa amechagua. Anatazama juu. Kumeanza kudondoka matone, makubwa, moja limetua kwenye mahameli. Hasemi naitwa, hasemi nisubiri. Amekuja moja kwa moja, ameinama, ameshika mkono mmoja wa kochi, anasema inuka, shika huko, litalowa.

Siwezi kushika kochi na kalamu.